Barua ya wazi kwa wanaosimamia afya: mnywaji aulizwe kabla macho hayajawa ya manjano

Kwenu waheshimiwa mawaziri wa afya, wakuu wa hospitali, nanyi mnaoandika miongozo inayofuatwa na madaktari na wauguzi kliniki,

Salamu kwenu nyote.

Mbele yangu nina kadi ya kliniki ya presha ya marehemu kaka yangu. Ni kadi ya miaka 4. Kila alipohudhuria alijaziwa mstari wake: tarehe, uzito, presha, mapigo ya moyo, dawa, tarehe ya kurudi. Mwandiko unabadilikabadilika kwa kuwa wauguzi walikuwa wengi, lakini mistari imejazwa vizuri, hakuna aliyefanya uzembe. Nimeipitia kadi hii mbele na nyuma nikitafuta neno moja tu, pombe, na sijaliona. Kwa miaka yote hiyo hapakuandikwa kama aliulizwa iwapo anakunywa, wala anakunywa kiasi gani, wala tangu lini.

Kaka alikunywa pombe kali kila siku kwa zaidi ya miaka 20. Amefariki akiwa na miaka 49, ini lake limejaa makovu na figo zimegoma kutoa mkojo.

Siandiki kumshitaki muuguzi. Yeye alijaza alichoelekezwa kujaza. Nawaandikia ninyi kwa sababu ninyi ndio mnaoamua kwenye kadi kuwe na nini.

Kwanza niwaeleze kaka alikuwa mtu wa namna gani, maana naona neno "mlevi" limewafumba macho wengi. Hakuwa mtu wa kuokotwa mtaroni. Aliamka mapema, alikwenda kazini, alisomesha watoto, hakuwahi kuinua mkono kumpiga mtu. Sisi nyumbani tulikuwa tukisema, tena kwa kumsifu, kwamba pombe anaimudu. Leo najua kwamba kuimudu pombe maana yake ni ubongo uliokwisha kuizoea na ini lililojifunza kuivunja kwa kasi kidogo. Hakuna usalama wowote ndani yake. Anayeimudu hunywa zaidi ya asiyeimudu, na chote anachokunywa kinapita palepale.

Palepale ni kwenye ini. Ni kiungo cha kilo moja na nusu hivi, kimelala upande wa kulia chini ya mbavu, na zaidi ya asilimia 90 ya kilevi anachokunywa mtu huvunjwa hapo. Kazi hiyo haiharakishwi. Kwa saa moja mwili wa mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 hivi za kilevi, na ukinywa kahawa au ukioga maji baridi kasi haibadiliki. Kinachozidi kinazunguka mwilini kikisubiri zamu. Tena katika kukivunja, ini hutoa kwanza kitu kinachoitwa asetaldehaidi, ambacho ni sumu kali kuliko kilevi chenyewe, na chembe za ini ndizo za kwanza kuungua nacho. Mafuta yanaanza kujikusanya. Katika wanywaji wakubwa 10, takriban 9 wana mafuta hayo. Kwa baadhi yao ini linavimba. Na kwa wastani wa watu 10 hadi 20 katika kila 100 wanaokunywa sana kwa miaka mingi, sehemu zilizoungua hupona kwa kovu, kovu juu ya kovu, mpaka ini linakuwa gumu na la mafundomafundo. Hiyo ndiyo sirosisi.

Na katika safari yote hiyo, ini haliumi. Nyama yake ya ndani haina mishipa ya kusikia maumivu. Ni ngozi nyembamba inayolifunika tu ndiyo inayosikia, na hiyo nayo hulalamika pale ini linapovimba na kuivuta. Mtu anaweza kuishi na ini bovu miaka 10 akijiona mzima kabisa. Kwa hiyo mkisema kliniki zenu zinangoja mgonjwa aje aseme anaumwa wapi, mnangoja kauli ambayo ini haitaitoa.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mafuta ya kwenye ini huondoka. Mtu akiacha pombe katika hatua hiyo, ndani ya wiki chache ini linaanza kurudi katika hali yake. Hata aliyekwisha kupata makovu, akiacha, mara nyingi huongeza miaka ya kuishi. Kipindi ambacho dawa ya kaka ilikuwa ni kuacha tu, yeye alikuwa anakuja kliniki kila mwezi, anakaa kwenye benchi lenu, anakunja mkono wa shati apimwe presha.

Dalili zenyewe zilikuwepo, zimekaa mwilini kwake kama maandishi. Viganja vilikuwa vyekundu, vyekundu hasa pale chini ya kidole gumba na chini ya kile kidogo. Wifi yangu aliviona miaka 2 kabla, akadhani ni kazi za mikono. Kifuani palitokea vimishipa vyembamba vilivyotawanyika kama miguu ya buibui. Matiti yalianza kujaa, akaacha kuvua shati mbele ya watu. Na asubuhi alikuwa hawezi kushika kikombe kwa mkono mmoja. Alikishika kwa miwili, akainama akifuate kwa mdomo, mpaka azimue. Akishazimua mikono inatulia, anavaa, anatoka. Muuguzi aliyekuwa akimfunga kile kitambaa cha presha mkononi alikuwa umbali wa shibiri moja tu kutoka kwenye viganja hivyo.

Halafu kuna jambo la kuacha, ambalo nawaomba mlisome taratibu. Mwaka mmoja kabla tumbo lake halijajaa, kaka aliacha pombe. Aliacha kama tulivyomwomba, ghafla, jioni moja baada ya maneno mengi. Usiku wa pili akashikwa na kifafa. Mwili ulikakamaa, akajing'ata ulimi, tukamkimbiza hospitali. Akachomwa sindano, akapimwa vitu kadhaa, asubuhi tukaambiwa hana tatizo, turudi nyumbani. Hakuna aliyetuuliza ameacha kutumia nini. Mnywaji wa kila siku akiikata pombe mara moja, mwili unaweza kumletea kifafa ndani ya siku 2 za mwanzo, na baada ya hapo kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, jasho na homa, hata kifo. Anahitaji dawa za kumtuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, anahitaji vitamini B1, anahitaji mtu wa kumwangalia. Hayo yanajulikana, yamo vitabuni mwenu. Kaka hakuambiwa, naye akajitafutia jibu mwenyewe: bila pombe nakufa. Toka siku ile hakuna kati yetu aliyeweza tena kumwambia aache, na mimi mwenyewe niliogopa kumwambia.

Tumbo lilipoanza kujaa, yeye alidhani amenenepa. Alihamisha mkanda tundu la pili, la tatu, kisha akawa anafunga suruali kwa kamba, huku mabega na mapaja yakizidi kukonda. Yale yalikuwa maji. Damu yote inayotoka utumboni hupitia kwenye ini kabla ya kwenda moyoni, na ini likiwa gumu damu hiyo inakosa njia, presha inapanda kwenye mishipa ya tumbo. Wakati huohuo ini limeacha kutengeneza ya kutosha ile protini inayozuia maji yasitoke kwenye mishipa. Maji yakapenya, yakajaa. Walimtoboa wakatoa lita 7, baada ya wiki 3 tumbo likarudi vilevile. Macho yakawa ya manjano. Akawa anafunga vifungo vya shati kwenye matundu yasiyo yake, anafungua, anarudia, anakosea tena, kwa sababu sumu ambayo ini lilipaswa kuisafisha ilikuwa inapanda kichwani.

Nikafika kwenye figo.

Zamu ya usiku wodini ilikuwa yangu, na kazi niliyopewa ilikuwa kupima mkojo. Chini ya kitanda palikuwa na jagi la plastiki lenye alama za mililita. Nilikuwa namimina, nainama macho yawe sawa na alama, naandika kwenye daftari. Siku ya kwanza 600. Kesho yake 350. Kisha 180, rangi ya kahawia iliyokolea. Siku niliyosoma 40 nilidhani nimemwaga bila kujua, nikapiga magoti nikaangalia sakafuni.

Nilimfuata daktari nikamwambia nipo tayari kutoa figo yangu moja. Nilikuwa nimeshaamua, nilikuwa nimeshazungumza na watoto wangu. Akavuta kiti, akaniambia, "Dada, figo za kaka yako ni nzima. Zikitolewa leo akapewa mtu mwenye ini zima, zitafanya kazi." Sikumwelewa. Nilidhani ananipoza. Ndipo akanichorea. Ini likijaa makovu, mishipa ya tumboni hutanuka, damu inatuama huko, na figo zinaletewa damu haba. Figo hazijui kwamba damu ipo imekwama. Zinachoona ni kwamba mwili umeishiwa, hivyo zinabana mishipa yake ili kuokoa kilichobaki. Zinabana mpaka zinaacha kuchuja. Figo ambazo kwa mtu mzima huchuja lita zipatazo 180 kwa siku na kurudisha karibu zote mwilini zinabaki zimekaa tu, hazina jeraha, hazina kazi.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili limethibitishwa zamani sana. Mwaka 1969 madaktari wa Marekani waliandika jinsi figo zilizotolewa kwa watu waliokufa katika hali kama ya kaka zilivyopandikizwa kwa watu wengine, zikaanza kutoa mkojo. Kwa mgonjwa kama yule, mashine ya kusafisha damu inanunua siku tu. Tiba yenyewe ni ini jipya, na ini jipya ni wangapi wanaolipata?

Wiki 6 kabla ya hapo tulikuwa tumeambiwa kwamba figo ziko sawa, kipimo cha kreatinini kimesoma vizuri. Kreatinini ni taka inayotokana na misuli, na figo ndizo huitoa; ikijaa kwenye damu ndipo daktari hujua figo zinashindwa. Kaka alikuwa amebaki ngozi na mifupa, misuli ya kuitoa kreatinini hiyo hakuwa nayo, na ini gonjwa nalo hupunguza kutengeneza kitu ambacho kreatinini hutokana nacho. Namba ikaonekana ndogo, nzuri, huku figo zikiwa zinaelekea kulala. Naomba jambo hili liandikwe kwa herufi kubwa mahali ambapo daktari kijana wa zamu ataliona: kwa mgonjwa wa ini aliyekonda, kreatinini ya kawaida haitoshi kumtuliza mtu.

Kuna pia njia ambazo pombe inazitumia kuzifikia figo bila kusubiri ini life. Inazuia homoni inayoziambia figo zihifadhi maji, ndiyo maana mnywaji hukojoa sana usiku na kuamka amekauka. Akiamka na kichwa kinagonga, anameza ibuprofeni au diklofenaki, dawa zinazobana damu ya figo, kwenye figo ambazo tayari zina kiu. Kaka alifanya hivyo karibu kila wiki kwa miaka, na dawa alizipata bila swali. Na kubwa kuliko yote ni presha. Pombe nyingi hupandisha presha, na presha iliyokaa juu miaka mingi ni miongoni mwa sababu mbili kubwa za figo kufa, nyingine ikiwa kisukari. Kwenye kadi hii kipimo cha dawa yake ya presha kimeongezwa mara 3. Kila kinapoongezwa kuna alama ya duara, muuguzi amezungushia namba ya presha kwa wino mwekundu, wa kuonyesha ameshtuka. Mtu akipunguza pombe, presha hushuka ndani ya wiki chache. Pale palipozungushiwa wino ndipo swali lilipotakiwa kuulizwa, kwa faida ya ini na ya figo kwa pamoja.

Ninachowaomba, basi, ni swali. Shirika la Afya Duniani lilishatengeneza dodoso la maswali 10 kuhusu unywaji, na lipo fupi la maswali 3 linalomalizika kwa dakika moja au mbili. Liulizwe kliniki ya presha, kliniki ya kisukari, kwa wanaotibiwa vidonda vya tumbo mara kwa mara, kwa waliovunjika mifupa mara ya pili. Waulizwe wanawake bila kusita, kwa sababu ini la mwanamke huharibika kwa pombe kidogo zaidi na kwa miaka michache zaidi, ilhali aibu humfunga mdomo kuliko mwanamume. Atakayeonekana anakunywa sana, achukuliwe damu. Vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, ukiongeza umri wa mgonjwa, vinatosha kufanya hesabu ya kukisia kama makovu yameanza, na hesabu hiyo inafanyika hata kwenye simu. Mkojo utazamwe kama una protini. Apimwe homa ya ini B na C, maana kirusi na pombe wakikutana mwendo wa kuelekea kwenye makovu unakuwa wa haraka, na C siku hizi inapona kwa vidonge vya miezi 2 au 3. Na kila hospitali inayomwambia mtu aache pombe iwe na kitanda na dawa za kumsaidia kuacha salama. Kama kitanda hicho hakipo, kumwambia aache ghafla kunaweza kumuua.

Najua kliniki peke yake haitoshi. Shirika hilohilo linakadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani, na mnajua kuliko mimi yanayofanya kazi: kodi, saa za kuuza, matangazo. Paris, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mvinyo ulipogawiwa kwa mgao, vifo vya sirosisi vilishuka kwa kasi, na mgao ulipoisha vikapanda tena. Uskoti iliweka mwaka 2018 bei ya chini kabisa ambayo pombe haiwezi kuuzwa chini yake, na utafiti uliotoka mwaka 2023 ukakadiria kwamba vifo vinavyotokana moja kwa moja na pombe vilipungua kwa asilimia 13.4. Hayo ni ya bungeni, nawaachia wenye sauti huko. Langu ni la benchi la kliniki.

Mtasema wagonjwa watadanganya. Inawezekana, wapo watakaodanganya. Kaka alinidanganya mimi miaka yote. Lakini wiki yake ya mwisho yenye akili timamu alikuja binti mmoja mwanafunzi wa udaktari, akaketi pembeni ya kitanda, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemuuliza umri: "Kaka, kwa siku unakunywa chupa ngapi? Asubuhi huwa unazimua?" Hakuwa na sura ya kumhukumu. Kaka akamjibu palepale. Binti akaandika. Kaka akanyoosha shingo akaangalia karatasi, akamwambia, "Hapana, hiyo ni ya jioni. Ya asubuhi hujaiandika. Andika mbili." Wifi alikuwa amesimama upande wa pili, miaka 19 ya ndoa, ndiyo kwanza anaisikia hesabu hiyo.

Waheshimiwa, kadi ninayo. Kati ya safu ya mapigo ya moyo na safu ya dawa kuna nafasi ya upana wa kidole, haijachapwa kitu. Nimeipima kwa rula, ni sentimita moja na nusu. Neno "pombe" linaenea hapo, na tarakimu chini yake. Naomba kadi zitakazochapwa safari ijayo ziwe nalo.

Wenu,
Dada wa marehemu